Mlango Uliozidi Vidole Vinne

Tarehe 11 Januari

Kwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama umechoka basi inakukuta umekaa. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake haujambo kabisa. Juzi alimsema muuza mkaa mpaka yule bwana akajaza gunia bila kubishana. Ndiye anayenisukuma nikuandikie. Simu ipo, lakini anasema kwenye simu sauti yako inafika kama nyuki ndani ya kopo, na yeye hakuzaa nyuki. Barua ananiita niisome sebuleni baada ya chakula cha jioni. Nyumba nzima inanyamaza, na mahali palipomfurahisha narudia. Kwa hiyo andika vizuri, una wasikilizaji.

Gereji inakwenda. Magari hayachoki kugongana, na sisi wanyoosha bodi tunawaombea madereva maisha marefu. Mrefu, mwanangu mkubwa, sasa ananyoosha mlango wa gari peke yake. Kafikisha miaka kumi na tisa na tayari ananisahihisha mbele ya wateja. Vijana wenzake wanashinda pale. Wengine wanafanya kazi, wengine wanatazama kazi.

Mlango wako wa chuma sijausahau. Najua umeshanitangaza kwa majirani kuwa mimi ni fundi wa ahadi. Nitumie tena upana wa ule uwazi wa ukutani, karatasi ya kwanza imepotea. Na usipime kwa hatua za kinesi, tumia futi. Unanijua: napima mara tatu, nakata mara moja. Tangu nishike kazi hii sijakosea kipimo, na marehemu Baba alikuwa shahidi.

Jambo dogo la kumalizia. Kitinda, mdogo wake Mrefu, aliteleza gerejini akaangukia kioo cha gari. Amekatika vidole vinne vya mkono wa kulia, kwa ndani, na ubavuni kidogo. Zahanati wamemshona. Nyuzi zikitolewa, apake nini ili vidole visikakamae? Ni hilo tu.

Mdogo wako

---

Tarehe 27 Januari

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama alikande goti kwa maji ya moto, asimtoze muuza mkaa maumivu ya mguu wake. Mimi sijambo, isipokuwa jirani wa ghorofa ya juu amenunua mashine ya kusaga na anasaga sijui nini tangu alfajiri. Upana wa uwazi nimekuandikia nyuma ya bahasha. Nimepima kwa futi, tena nimepanda kiti, kwa hiyo dharau zako zikome.

Nimehamishwa kazi. Mama atakumbuka mwaka wa kipindupindu, nilipokuwa nazunguka nyumba kwa nyumba na ndoo ya dawa. Mtu akilazwa hatukumuuliza nani kakuletea ugonjwa. Tulimuuliza, umekunywa maji na nani? Kisha tukakimbia kwa hao kabla ugonjwa haujawafikia. Sasa mkuu wangu wa siku zile, yule mama mfupi mwenye sauti ya filimbi, ameletwa hospitali kuu na amenichukua tena. Safari hii hatufuati maji. Tunafuata visu.

Usicheke. Ana ramani ya mji ukutani na kila kijana anayeletwa amechomwa au amepigwa, tunaweka alama pale alipookotwa. Ukiiangalia unaona alama hazikutawanyika ovyo. Zinasongamana: kituo cha mabasi ambacho taa zake zilikufa, kichochoro ambamo shule mbili zinamwaga watoto kwa wakati mmoja. Taa zilipowashwa, na shule moja ikakubali kuwafungua wake mapema kidogo, alama zilipungua pale. Hazikuisha, zilipungua.

Na kijana akishashonwa, mmoja wetu anakaa naye kitandani. Hatuulizi nani alianza. Hiyo ni kazi ya polisi. Tunauliza, nani mwingine ataumia kwa sababu ya hili? Nani sasa hivi hali chakula wala halali usingizi? Tunamfuata huyo. Ukitaka kujua kazi yenyewe ni ipi hasa, ni kuchelewesha. Tunampa kijana safari, tunamtafutia kibarua, tunakaa naye mpaka chai inapoa. Hasira ya leo inaua. Ya wiki ijayo unaweza kuikalisha chini ukazungumza nayo.

Hapa ukisoma sebuleni ishia. Karatasi ya pili ni yako peke yako.

(Karatasi ya pili)

Mtu anayeangukia kioo huangukia kiganja. Hukatika chini ya kidole gumba au kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinne kukatika kwa ndani, kwa mstari mmoja, ni vya mtu aliyeshika kitu kikali kilichokuwa kinamjia. Mikono hiyo naiona hapa kila wiki.

Wewe ni fundi wa bodi. Unajua gari likipigwa puti na rangi juu, mnunuzi haoni lilipogongwa mpaka aligonge kwa kidole. Mdogo wangu, mimi nimeshagonga. Usinipake puti. Nani alimchoma mtoto, na Mrefu amesemaje?

Dada yako

---

Tarehe 20 Machi

Kwa Dada,

Shikamoo. Najua kimya kingi kina mshindo, lakini changu kilikuwa cha kazi tu. Basi la shule lilivaa nguzo, likaja kwetu likiwa na uso kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Hakuna aliyeumia. Mama hajambo. Habari za ramani alizipenda, alinirudisha kwenye zile taa mara mbili, kisha akasema hata yeye angewasha taa kama angeulizwa, na bila kusomea.

Vipimo vyako nimevichora kwa chaki kwenye ukuta wa gereji ili visipotee.

Karatasi ya pili niliisoma nikaikunja. Kioo kina makali mengi, Dada. Tuliache hapo.

Jeraha la Kitinda limefunga, lakini vidole havikunjiki. Nyundo haishiki. Kikombe anashika kwa mkono wa kushoto na kufanya mzaha kwamba sasa anakunywa chai kama mgeni. Sote tunacheka, isipokuwa Mrefu. Mrefu siku hizi hazungumzi nyumbani. Wenzake nao nikiingia gerejini wananyamaza, kila mmoja anatafuta spana ambayo haikupotea.

Jambo jingine, nakuuliza tu kama habari. Kuna kijana wa upande wa pili wa soko aliumizwa vibaya mwanzoni mwa mwezi huu. Ni mgongo, wanasema. Hapa walimshindwa wakampeleka hospitali kuu, huko kwako. Umemwona?

Mdogo wako

---

Tarehe 2 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Jirani wa juu mashine yake imeungua, asante Mungu. Mama nimemnunulia shali nzito, nitampa dereva yeyote atakayekuja huko. Kitinda asipake kitu. Akamue kitambaa kilicholowa maji, asubuhi na jioni, hata kama anaona ni mchezo wa kitoto. Aanze na kilaini, kisha kizito. Vidole ni wavivu, hufuata anayevisumbua.

Umeniuliza swali mwishoni mwa barua yako. Silijibu, na usiniulize tena, wewe wala mtu mwingine. Hospitali hii ina vitanda vingi, na kila anayelala humo ni mgonjwa wetu, awe katoka upande wowote wa soko.

Mimi ndiye mwenye swali. Nani mwingine ataumia? Sikuulizi kama mtu wa kazini, nakuuliza kama dada yako. Umeniandikia kuhusu basi na chaki, ukaniandikia kuhusu mgongo wa kijana wa watu kana kwamba ni bei ya sukari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie ukweli kabla sijaletewa kwa machela.

Dada yako

---

Tarehe 14 Aprili

Kwa Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Barua hii naiandikia gerejini, na haitasomwa sebuleni.

Yako ilikuwa karatasi moja. Hukuniambia niishie wapi, nami nimezoea kusoma mpaka mwisho, nikasoma. Nilipofika pale unaposema swali hulijibu, Mama akauliza ni swali gani hilo. Kabla sijapata la kusema, Mrefu aliacha sahani akasimama. Dada, ungesema "simjui" ungekuwa umeficha. Ulisema "silijibu", na hapo ukawa umejibu. Sasa anajua kijana yuko wapi.

Ulitaka ukweli. Kitinda alichomwa kisu uwanjani, katika ugomvi wa nani acheze kwanza. Aliyemchoma ni huyo huyo mwenye mgongo. Mwanzoni mwa Machi, siku Kitinda alipojaribu kushika nyundo na vidole vikakataa kukunjika, vijana wa gereji walitoka pamoja, na Mrefu mbele yao. Niliwaona wanachukua vyuma. Nilikuwa nimelala chini ya gari, nikaona miguu yao ikipita, nikajiambia wanakwenda kazini. Waliporudi sikuuliza. Nilivaa miwani ya kuchomelea nikaendelea kuchomelea.

Sasa kijana yule wanasema atapona, na wenzake wameapa kwamba akirudi ndipo mtaona. Mrefu anasema kazi haikuisha. Anasema anataka kuja kukusalimu. Mtoto huyu mara ya mwisho kukusalimu kwa hiari yake alikuwa hajang'oa jino. Nimeshindwa kumwambia asije, kwa sababu nilishindwa kumwambia asitoke siku ile, na ananiangalia kama mtu anayekumbuka hilo.

Basi nimemwambia, ukienda kwa shangazi yako nenda na mlango. Nimeumaliza, mlango na fremu yake. Anakuja nao Jumamosi kwenye lori la jirani. Ataufunga mwenyewe. Usikubali fundi mwingine auguse.

Nimefanya nilichoweza. Ni chuma tu, Dada. Kingine chochote sikijui.

Mdogo wako

---

Tarehe 10 Mei

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii uisome kwanza peke yako, kisha uamue mwenyewe kama sebule inaiweza. Ile karatasi moja ilikuwa kosa langu. Siku ile nilisahau kwamba nyumba yetu haina siri ila iliyoandikwa karatasi ya pili. Nilijua ninayemwandikia ni wewe, nikasahau wanaosikiliza.

Mrefu amefika na mlango umefika. Lori liliushusha barabarani, watoto wa mtaa wakausindikiza mpaka kwangu kama bibi harusi. Mzuri mno. Ile nakshi ya juu uliyoipinda kwa mkono imewafanya majirani wanihisi nina mume wa siri. Tukausimamisha mbele ya uwazi, na haukuingia.

Umezidi vidole vinne.

Mrefu alipima uwazi, akapima fremu, akapima tena. Uso ulimwiva kwa aibu, si yake, yako. "Baba hakosei," alisema. Nikamwambia kila mtu siku yake hufika. Akasema basi tuuchimbe ukuta. Nikamwambia mwenye nyumba akiona tofali moja limeguswa nitalala nje pamoja na mlango wangu. Ilibidi fremu ikatwe, na mlango wenyewe ukatwe, kisha vyote viungwe upya na nakshi irudi mahali pake. Akafungua mfuko wa zana ulioufunga wewe. Nyundo ilikuwemo, tupa na msumeno wa mkono pia, ila grenda, ile mashine ya kukatia chuma, haikuwemo. Akakaa chini akautazama mfuko. Fundi gani anasahau grenda?

Alianza kukata kwa mkono. Usiku ule nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, kisha nikalia, nikakuombea.

Nilikwenda kazini asubuhi nikamwambia mkuu wangu kila kitu. Kwamba kuna mgonjwa ana hatari, na hatari yenyewe imelala sebuleni kwangu na inanilia mkate. Kumbuka yule mgonjwa nilikuwa nimeshamwacha. Siku aliyoletwa nilikaa naye kitandani kama kawaida, nikauliza maswali ya kawaida. Aliyonijibu ni yake, siyaandiki hata sasa. Nilipoelewa yanagusa nyumba yetu, nilitoka nikampa mwenzangu kazi hiyo, kama taratibu zinavyotaka. Mwenzangu huyu ni kijana ambaye miaka ya nyuma alilala kitanda cha wodi ile ile akiwa na tundu kifuani. Mkuu alimweka mlangoni mwa wodi saa za kuona wagonjwa, na akaniambia mimi nirudi nyumbani mapema kila siku nikamshikie mwanangu chuma.

Nilimshikia. Mchana anakata, jioni namshikia. Siku za kwanza aliniambia nisitikise, kisha akaniambia naweza kutikisa kidogo nikichoka. Siku moja akaniuliza, shangazi, unajua kwa nini nimekuja? Nikasema, najua. Akaendelea kukata. Nikamwambia sitamficha polisi wakija, na sitawaita akiwa amekaa kwangu anafanya kazi, lakini akitoka hapa kwenda anakokufikiria nitakuwa wa kwanza kusimama njiani, na mimi ni mzito, atanikumbuka. Hapo alicheka kidogo. Ulikuwa mcheko wako kabisa.

Lakini alikwenda, mdogo wangu. Msumeno ulivunjika, akasema anakwenda kununua mwingine.

Mfuko wa zana aliuacha kwa mlinzi wa geti la hospitali, kwa sababu kila mgeni huacha mfuko. Mwenzangu alimwona anaingia wodini, akamtambua kwa urefu na kwa jinsi anavyotafuta uso kitandani hadi kitandani. Anasema mtu aliyekuja kuuguza hutafuta kwa macho, na aliyekuja na jingine hutafuta kwa kifua. Hakumzuia. Mikono ilikuwa mitupu, akamfuata kwa nyuma karibu kabisa, kiasi cha kumshika shati.

Kitandani kijana alikuwa amelala ubavu, na bibi yake yuko pembeni. Mgonjwa wa mgongo hugeuzwa mara kwa mara ili ngozi isioze. Manesi walikuwa kwa mgonjwa mwingine. Bibi akainua macho akamwona kijana mrefu amesimama, akadhani ni rafiki wa mjukuu wake. Akamwambia, "Umekuja wakati mzuri mwanangu. Wewe una nguvu, nishikie miguu tumgeuze."

Mwanao alisimama pale. Mwenzangu anasema alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kisha Mrefu akainama akashika miguu.

Walimgeuza. Bibi akamwambia taratibu, shika chini ya goti, hivyo hivyo. Alipogeuzwa, kijana alifungua macho akakutana uso kwa uso na Mrefu, na akamjua. Bibi akauliza, rafiki yako huyu anaitwa nani? Kijana alikuwa na nafasi ya kupiga kelele wodi nzima isimame. Alifumba macho akasema, "Ni mtu wa mtaani kwetu, Bibi."

Mrefu alirudi nyumbani bila msumeno. Alikaa mbele ya ule mlango mpaka nikamletea chakula, na chakula kikapoa. Halafu akasema, "Shangazi, ile miguu ni mizito sana." Nikamwambia, mguu usiojibeba ni mzito, ndiyo maana hugeuzwa na watu wawili. Akaniuliza kama atatembea. Nilimwambia ukweli, kwamba madaktari hawategemei. Akauliza tena, kana kwamba sikusikia. Nikamjibu vile vile. Hapo alilia, mdogo wangu, mtoto yule mrefu, kichwa kwenye magoti, na mimi sikumnyamazisha. Nilikaa naye.

Alirudi wodini kesho yake, na kesho kutwa. Mwenzangu yuko naye kila mara, na kijana mwenyewe aliulizwa faragha kama anataka asije. Alisema aje, lakini asiongee. Basi huenda, anashika miguu, anarudi, anakata chuma. Sikuambii wamepatana. Hawajasemezana.

Mlango umefungwa jana. Umeingia kama ulizaliwa na ukuta. Leo kaniambia anarudi nyumbani, na kwamba anataka mwende kituo cha polisi pamoja, wewe na yeye, aseme alichofanya kabla hajafuatwa. Anasema hataki kwenda na wenzake, anataka kwenda na baba yake. Safari hii, mdogo wangu, usilale chini ya gari.

Kuhusu kipimo. Nimeitafuta ile barua yako ya Machi ulipoandika umechora vipimo ukutani. Wewe, uliyemsahihisha hata Baba, ukakosea vidole vinne, na ukasahau grenda. Niliandika Januari kwamba kazi yetu ni kuchelewesha. Sikujua kuna aliyekuwa anasikiliza.

Dada yako

---

Tarehe 28 Juni

Kwa Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, shali imefika, anaivaa hata jua likiwaka ili watu waulize imetoka wapi. Kitinda anakamua kitambaa. Kidole cha mwisho kimeanza kugusa kiganja, na juzi alishika bisibisi kwa muda, ikaanguka, akaiokota kwa mkono ule ule.

Tulikwenda kituoni, Mrefu na mimi. Alisema mwenyewe, nami nilisema niliyoyaona nikiwa chini ya gari. Wenzake wawili walikuja baadaye, na baba zao. Mrefu yuko nje kwa dhamana, kesi inaendelea, na ile ya kisu inaendelea pamoja nayo. Sijui itaishia wapi. Kuna usiku silali. Lakini marafiki wa yule kijana, wale walioapa, walimwona Mrefu akiingia kituoni kwa miguu yake, na tangu siku ile hawajapita mbele ya gereji.

Barua yako niliisoma sebuleni, yote. Kitinda alikuwepo, Mrefu alikuwepo. Mama alinirudisha pale kwenye miguu. Nilirudia mara moja. Aliponiomba tena sikuweza, Mrefu akaichukua akamsomea yeye.

Kuhusu mlango, nakanusha. Futi iliteleza. Ukimwambia fundi yeyote kwamba nilikosea kipimo nitakanusha mpaka kaburini, na grenda ilikuwa kwa jirani.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Mrefu alisikia wodini kwamba kijana atarudi kwao mwezi ujao, kwa kiti cha magurudumu. Nami nyumba yao naijua, nimepita pale tangu ujana. Mlango wake ni mwembamba, hata baiskeli inaingia kwa ubavu. Kiti kile hakitapita. Watambeba kama gunia kila akitaka kuliona jua.

Jumapili nilichukua futi nikavuka soko. Mrefu alitaka kuja, nikamwambia la, hili si lako. Nilipofika baba wa yule kijana alikuwa kizingitini anashona viatu. Alinijua. Hakunikaribisha, na mimi sikutegemea. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, lakini nilipofungua mdomo yalitoka haya tu: "Nimekuja kupima mlango. Kiti hakitapita."

Aliniangalia, Dada. Aliweka kiatu chini, akaweka na ile sindano ndefu. Akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburutwa, nikajiambia, sasa yamenifika, na ni haki yangu. Alikuwa anasogeza kabati lililoziba upande mmoja wa mlango, ili nipate kupima vizuri.

Nilipima mara tatu. Mara zote tatu alinishikia ncha ya futi.

Mdogo wako